Bakuli la maji, shimo la zege na mashine ya santuri Kikwajuni

Kila nikipita barazani naulizwa swali lile lile, vipi, ushakata santuri? Na jawabu langu ni lile lile, bado, nnatengeneza chumba. Miezi saba sasa. Ami yangu keshaanza kunitia kwenye midomo ya watu, anasema huyu kijana kaoa halafu kila siku anapaka rangi chumba, bibi harusi kamfunika shuka. Watu wanacheka na mie nacheka, nitafanya nini, mana shuka kweli lipo, mashine nimeifunika shuka la maua la mama.

Kwa asiyejua, mashine yenyewe ni Presto 6N, ya Marekani, ya miaka ya 1940 huko. Sio gramafoni. Gramafoni inasoma, hii inaandika. Ina sahani nzito ya kuzungusha santuri, juu yake kuna parafujo ndefu, parafujo inabeba kichwa, na kwenye kichwa kuna sindano ya yakuti. Ukiipigia muziki ile sindano inatetemeka kushoto na kulia huku inachimba mtaro kwenye santuri tupu, mtaro mwembamba kama unywele, na parafujo inaisogeza pole pole kuelekea katikati. Yangu inachora mistari 112 kwa inchi, kwa hiyo santuri ya inchi 12 ikienda kasi ya 33, yaani mizunguko 33 kwa dakika, nnapata kama dakika 11 upande mmoja, na ya inchi 10 kwa kasi ya 78 ni dakika nne tu. Kumbukeni hizo dakika 11 mana zitarudi.

Nilivyoanza nilidhani kazi kubwa ni kuipata mashine na kuifikisha bandarini. Siti binti Saad alipanda meli mwaka 1928 mpaka Bombay ili sauti yake ikatwe kwenye nta, mana vyombo vilikuwa huko, basi mie nikajiona shujaa kweli kweli, nimekileta chombo Unguja wenyewe. Shujaa wa nini bwana. Chombo kimekuja, pahala pa kukiweka sina.

Kosa langu la kwanza niliiweka nyumbani kwetu Malindi ya hapa Unguja, ghorofa ya pili. Akili yangu ilikuwa hivi, nyumba ya mawe na chokaa, ukuta nusu mita na zaidi, utulivu gani tena unautaka? Lakini ukuta haubebi mashine, inayobeba ni sakafu, na sakafu ya juu kwenye nyumba zetu hizi imelala juu ya boriti za mikoko. Ndo mana vyumba vya Mji Mkongwe vyembamba na virefu, boriti hazivuki mita tatu hivi. Sakafu ya boriti ni ngoma, ukitembea huku vikombe vinaitikia kwenye kabati kule. Nilikuwa nnayajua haya tangu mdogo, tukikatazwa kukimbia juu, na bado nikaipandisha mashine ngazi mbili na mahamali wanne.

Nikakata santuri ya majaribio, taarab ya zamani kutoka kwenye kaseti ya babu. Nikaipeleka kwenye gramafoni, nikashusha sindano, mambo mawili yakatokea kwa pamoja. La kwanza, mwimbaji ambaye mie namjua ana sauti nzito kawa kama kifaranga. Nitalirudia hilo. La pili, chini ya muziki kuna du, du, du, halafu kimya, halafu du, du tena. Nikasema hii mota. Siku mbili nimeifungua mota, nimesafisha, nimetia mafuta, nimerudisha, nimekata tena, du, du iko pale pale. Siku ya tatu nimekaa nimeshika tama nikasikia ile du, du yenyewe bila ya santuri yoyote kuzunguka. Bi mkubwa wa chini anatwanga kwenye kinu. Basi santuri yangu ya kwanza maishani nimerekodi kinu.

Hapo ndo akili ilipofunguka. Hii mashine haisikii kelele, inasikia mtikisiko. Watu wanachanganya, na mie nilikuwa wa mwanzo kuchanganya, nshanunua hata sponji za kubandika ukutani kama studio. Pesa imepotea. Muadhini aadhini, pikipiki zipite, watoto wagombane dirishani, sindano haina habari nao, mana muziki unaingia kwa waya, hakuna maiki mle chumbani. Lakini mtu akifunga mlango kwa nguvu, au mashine ya kufulia ikaanza kukamua chumba cha pili, ule mtikisiko unapita kwenye sakafu unapanda miguu ya meza unafika kwenye kichwa, na kichwa hakijui huu muziki huu mlango, kinaandika tu. Kelele inayodhuru ni moja, spika zako mwenyewe ukizifungulia besi chumba hicho hicho, sauti inatikisa sahani halafu inarudi kuandikwa mara ya pili. Kwa hiyo wakati wa kukata nnavaa hedifoni, na spika zimekaa chumba chengine.

Basi nikaanza kutafuta pahala, na kipimo changu kilikuwa bakuli. Sina vyombo vya maabara mie. Unalijaza bakuli maji, unaliweka chini pale unapotaka kuweka mashine, unazima taa, unamulika tochi juu ya maji kwa pembeni ili mwanga uruke uende ukutani. Ule mwanga ukutani ndo utakwambia kila kitu. Hatua ya mtu ambayo wewe huihisi kabisa, mwanga unacheza kama samaki. Kule Malindi juu ulikuwa hautulii hata dakika moja, bibi akenda jikoni unamuona kwenye ukuta anavyokwenda. Nikalibeba bakuli langu mpaka kwa binamu yangu majumba ya Michenzani, ghorofa ya tatu, afadhali kidogo lakini gari kubwa likipita barabarani mwanga unapiga mbizi. Nikaenda kwa rafiki yangu ana chumba cha chini Mkunazini, pazuri, ila unyevu ukutani unaweza kuotesha mchicha. Mwisho nikaenda kwa ami Kikwajuni, uani kwake kuna banda la mawe alilokuwa akiwekea mikoba na baiskeli mbovu, sakafu udongo mtupu. Nikaweka bakuli, nikamulika. Kimya. Maji kama kioo. Nikamwambia ami, hebu ruka. Akaniangalia. "Wee mtoto, umri huu mie niruke kwa ajili ya bakuli?" Akaruka lakini, mara mbili, mwanga ukatikisika kidogo ukatulia. Nikamwambia ami nnaliomba hili banda.

Sasa udongo mzuri lakini hautoshi. Mashine kubwa za studio, kama zile za Neumann VMS 70, zenyewe zina uzito wa mamia ya kilo, zinajituliza kwa uzito wao. Yangu ndogo, uzito inabidi niupe mie. Tukachimba shimo mita moja kwa sentimita 80, kwenda chini sentimita 60, na chini yake tukaukuta mwamba, alhamdulillah. Tukamwaga zege, nondo kidogo, na mchanga wa shamba sio wa pwani, wa pwani una chumvi inakula nondo. Kwa hesabu yangu lile zege limekaa tani moja na kidogo. Lakini siri haiko kwenye zege, iko kwenye ule ufa. Baina ya zege na sakafu ya banda tumeacha nafasi ya vidole vitatu kila upande, tumeijaza mchanga mkavu. Fundi aliniona mwendawazimu. Mara mbili nimemkuta anataka kuziba ule ufa kwa saruji ili "kazi ipendeze", mpaka nikakaa pale kama mlinzi mpaka sakafu ikakauka. Mana ukiziba tu umeiunganisha mashine na sakafu, na mtu akiingia na viatu vyake mlangoni umerudi kwenye kinu.

Juu ya zege nimejenga nguzo tatu za tofali. Tatu, sio nne, meza ya miguu mitatu haiyumbi hata pahala pakiwa hapako sawa. Juu ya nguzo pleti ya granaiti, kipande kilichobaki kwenye kaunta ya jiko la mtu, nimekipata kwa bei ya kuondoshewa uchafu. Kisha pima maji. Huku sawa, nikigeuza upande wa pili sio sawa, nikitia kijibati chembamba huku kule kunanyanyuka, jioni nzima imenipotea. Kuna mtu alinishauri niweke tyubu ya baiskeli yenye upepo chini ya granaiti, eti mashine ielee. Nikaweka. Mtikisiko ulipungua kweli, lakini kila nikisogeza kichwa uzito unahama na mashine nzima inainama upande, pima maji inakwenda zake. Nikaitoa tyubu nikaitupa kwenye kona.

Haya, kifaranga. Hii mota ni ya umeme wa Marekani, volti 115 na herzi 60. Sisi ni volti 230 na herzi 50. Volti kila mtu anajua, unanunua transfoma basi. Herzi, yaani umeme unapiga mawimbi mangapi kwa sekunde, ndo iliyoniumiza, mana mota ya aina hii kasi yake inafata herzi sio volti. Ukiipa 50 badala ya 60 inakwenda tano ya sita, santuri ya 78 inazunguka 65, ya 33 inazunguka 27 na kitu. Ukikata kwa 65 halafu ukaipiga kwenye gramafoni ya 78, mwimbaji anakimbia na sauti inapanda. Njia moja ni kwenda kwa mkereza akakukerezee puli kubwa zaidi kwa moja ya tano, na ni njia nzuri, ila mota yenyewe inabaki kula herzi isiyo yake, inapata moto usipoipunguzia volti. Mie nimechagua njia nyengine, nimetengeneza kisakiti kidogo kinatoa wimbi la herzi 60, nikakipeleka kwenye amplifaya iliyostaafu kupiga harusi, na amplifaya inasukuma transfoma kwa kinyume mpaka nnapata 115. Kwa hiyo amplifaya iliyokuwa inapiga rusha roho miaka kumi sasa inaimba noti moja tu, mmmmm, siku nzima. Nampa pole.

Kasi nnaipima kwa karatasi. Unachora duara lenye mistari 180, unaliweka juu ya sahani, unaliangalia chini ya taa ya zamani inayowaka kwa herzi 50 za ukutani, kasi ikiwa 33 na thuluthi mistari inasimama kama imegandishwa. Taa nyingi mpya za elidii hazikuoneshi, tafuta tyubulaiti ya zamani.

Na umeme wenyewe kukatika, mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa. Waliokuwepo 2008 wanakumbuka ule mwezi mzima wa giza, na ile miezi mitatu ya mwisho wa 2009 kuingia 2010. Sasa hivi sio vile, lakini kwa mashine hii hata sekunde mbili ni msiba, mana mtaro haurudiwi, umeme ukipepesa dakika ya tisa santuri nzima imekwisha, na santuri tupu hazipatikani Darajani. Nimeweka betri mbili na inverta, inverta ya wimbi safi, sio zile rahisi zenye wimbi la ngazi ngazi, amplifaya yangu ilizichukia. Fundi umeme kanipigia na ethi mpya uani, ile fimbo ya kuunganisha umeme na ardhi, kafukia na mkaa na chumvi kuzunguka ile fimbo, na mngurumo wa herzi 50 uliokuwa kwenye waya ukapungua pale pale.

Huyo huyo fundi ndo aliyenipa khofu kubwa. Kaingia na sigara. Santuri hizi tupu ni bati la aluminiamu lililopakwa laka, na ile laka ni jamaa wa baruti, sio maneno ya kutishia. Kiwanda kikubwa cha Marekani kilichokuwa kikizitengeneza, Apollo Masters kule Banning, California, kiliungua tarehe 6 Februari 2020, na baada ya hapo dunia nzima ikabaki inategemea kiwanda kimoja tu Japani. Ukikata, laka inayochimbwa inatoka kama uzi mweusi mrefu, unajikunja kama nywele chini ya kinyozi. Nikachukua uzi kidogo wa yale majaribio, kama ncha ya kidole, nikauweka kwenye kisahani katikati ya uwanja, nikamwambia fundi, weka moto. Fyuu! Haukuwaka, uliondoka. Fundi akakanyaga sigara yake mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa hiyo uzi unavutwa na paipu ndogo iliyokaa karibu ya sindano, unapita kwenye chupa ya maji, unazama humo. Mota ya kuvutia iko nje uani, ndani inakuja paipu tu kupitia tundu la ukutani, mana ile mota inatikisika kuliko kinu. Na uzi ukishalowa hauendi kwenye taka za nyumbani, mana nyumba ile taka zinachomwa jioni.

Vumbi na unyevu nitasema kwa ufupi. Dari la banda lile linapukutisha chokaa, chembe moja ikiangukia santuri utaisikia tak kila mzunguko. Nimetandika kitambaa cha marikani chini ya dari lote, metre kumi na mbili, mashine ya Marekani chini ya marikani, imejisikia kwao. Kiyoyozi nimekitia lakini nnakizima nikikata. Parafujo nnaifuta kwa mafuta kila siku, hewa ya pwani hii ukiiacha wiki moja utakuta kutu. Santuri tupu ziko kwenye kabati na mifuko ya chembe za kunyonya unyevu. Mtu kaniambia nitie balbu ndani ya kabati kama watu wanavyofanya kwa kamera zisiote ukungu. Balbu ya moto, pamoja na laka. Ahsante, hapana.

Na darubini, ya skuli moja ilikuwa inatupwa, nimeifunga kwenye mkono wa chuma nnaangalia mtaro wakati unakatwa. Taa yake lazima ije kwa pembeni kabisa, karibu kulala, ukimulika kutoka juu huoni kitu, kila pahala panang'aa tu.

Wiki iliyopita nikafanya mtihani wa mwisho, mtaro mtupu. Unakata upande mzima bila ya muziki, halafu unaupiga na sauti juu, unasikiliza chumba chako kimeandika nini. Dakika tano za mwanzo, shhhh tu, safi. Nikafurahi. Dakika ya sita ikaanza mmmm, ikaenda kama dakika tatu, ikakata. Nikakata upande wa pili, mmmm ikaja tena pahala pengine. Sio amplifaya yangu, hiyo haipumziki. Nikatoka nje nikaweka mkono ukutani, ukuta unatetemeka. Upande wa pili wa ukuta kuna bi mmoja anauza malai, friza lake limeegemea ukuta wetu.

Nikaenda. Shikamoo bi. Marahaba mwanangu. Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani malai yangu yayeyuke ili wewe ukate santuri?" Nikasema hapana bi, mie naomba lisogee shubiri moja tu. Akakubali kwa sharti nilisogeze mwenyewe. Nikaenda kwenye kona nikaichukua ile tyubu ya baiskeli niliyoitupa, nikaikata vipande, nikakunja mara nne nne, nikatia chini ya miguu ya friza. Nikarudi, nikakata mtaro mtupu mwengine. Shhhh, upande mzima.

Kwa hiyo Jumanne inshaallah nnakata, na cha kwanza ami keshachagua, kaseti ya taarab ya harusi yake. Nimeipima. Dakika 14. Mie nina dakika 11. Nikamwambia ami tutaigawa, nusu upande huu nusu upande huu. Akaniangalia vile vile alivyoniangalia siku ya bakuli. "Na mwimbaji," akasema, "yuko katikati ya beti, unageuza santuri, yeye atasubiri wapi?"